Kuhama seva: mtandao, diski au saraka kuu?

Tangu tarehe 30 Juni 2024, mradi wa CentOS hautoi tena marekebisho ya usalama ya CentOS 7, mfumo wa uendeshaji wa seva. Ofisi au chuo ambacho bado kinaitumia hakina budi kuhama, na akaunti za watu pamoja na mafaili yao lazima vihame pia. Programu za kazi hiyo, yaani rsync, tar na OpenLDAP, ni za bure. Utakacholipia ni saa za fundi, intaneti, na muda ambao wafanyakazi watakaa bila seva.

rsync kupitia mtandao

TB 1 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa 22. Kwa megabiti 10 ni zaidi ya siku tisa, ilhali kwa waya wa gigabiti 1 ndani ya jengo moja ni kama saa mbili na robo. Uzuri wake ni kwamba awamu ya kwanza huenda watu wakiendelea na kazi. Baadaye unawafungia watumiaji seva ya zamani, unarudia amri, na yanayosafirishwa ni yaliyobadilika tu. Tumia `rsync -aHAX --numeric-ids`, na uongeze `-n` kwanza ili uone kitakachotokea kabla hakijatokea.

Data ikiwa kwenye wingu, uliza ada ya kuitoa. Kwa Amazon, katika eneo la Virginia, GB 100 za kwanza kila mwezi ni bure, kisha senti 9 za dola kwa kila GB. TB 1 hufika dola 80 na ushee. Tangu Machi 2024 kampuni hiyo huwasamehe ada wateja wanaoondoka kabisa, ila sharti waombe mapema.

tar kwenye diski

Intaneti ikiwa ya kusuasua, diski ya nje inashinda: kwa MB 100 kwa sekunde, TB 1 hunakiliwa chini ya saa tatu. Ila diski nyingi za dukani huja na mfumo wa exFAT au NTFS, na ukinakili faili moja moja humo, taarifa za mwenye faili na ruhusa zake zinapotea. Yafunge mafaili kwanza kwa tar, au fomati diski kwa ext4. Pia isimbe, maana diski yenye `/etc/shadow`, faili la nywila, ikiibwa, mwizi amepata pa kuanzia kuvunja nywila za wote.

Saraka kuu

Kwa OpenLDAP au FreeIPA, akaunti huandikwa mara moja na seva zote huisoma. Ndiyo njia ghali kuanza: fundi anahitaji siku kadhaa, na inafaa ziwe mashine mbili, kwani saraka ikianguka watu wanashindwa kuingia. Seva mpya ikija, hata hivyo, akaunti hazihamishwi tena.

Kabla ya kumlipa fundi

Muulize habari za namba. CentOS, kama mifumo mingine ya aina ya Unix, huandika mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Asha akiwa 1001 kwenye seva ya zamani, na mpya ikampa Juma namba hiyo, Juma atafungua barua za Asha. CentOS 6 ilianza kuhesabu watu kwenye 500, mifumo ya sasa huanza 1000. Wenye namba za kati ya hizo wapewe mpya, na mafaili yao yaandikwe namba hizo mpya.

Muulize pia nywila. Zile za CentOS 7 zinazoanza na `$6$` zinasomeka kwenye Debian 12, hivyo hakuna anayelazimika kubadilisha. Kinyume chake, za Debian 12 zinazoanza na `$y$`, CentOS 7 haizielewi.

Hifadhidata zitolewe kwa `mysqldump` au zana ya aina hiyo. Faili zake zisinakiliwe zikiwa zinatumika.

Uamuzi

Seva moja au mbili zenye laini nzuri: rsync. Data nyingi na intaneti dhaifu: tar kwenye diski iliyosimbwa, kisha rsync imalizie mabadiliko. Seva tatu na kuendelea: saraka kuu kwa ajili ya akaunti, hata kama bei ya mwanzo inauma. Kwa njia yoyote utakayochagua, usiifute seva ya zamani mpaka kila mtumiaji ameingia kwenye mpya na kuyakuta mafaili yake.