Saa ya Vibao Inayonguruma: Chanzo Chake na Namna ya Kuitengeneza

Miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyoenea duniani katika miaka ya 1960 na 1970 ni saa ya vibao. Saa hii haina mishale. Badala yake ina vibao vyembamba vyenye tarakimu, vilivyopangwa kuzunguka mhimili kama kurasa za kitabu. Dakika inapotimia, kibao kimoja huachiwa, kikaanguka, na tarakimu mpya ikaonekana. Kampuni ya Solari ya mji wa Udine, Italia, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa saa hizi, na kampuni ya Copal ya Japani ilizitengeneza kwa wingi.

Saa nyingi za namna hiyo zingali zikifanya kazi, lakini zikizeeka hupatwa na ugonjwa mmoja: hunguruma usiku kucha hata mwenye nyumba akaamua kuzitupa. Kuzitupa ni hasara, kwa maana aghalabu kinachohitajika ni matone mawili ya mafuta yanayofaa. Hata hivyo, atakayeifungua saa bila kuelewa umeme huhatarisha maisha yake. Kwa hiyo na tuanze na elimu, kisha twende kwenye bisibisi.

Saa na maji ya Mlima Meru

Tuchukue mfano wa saa iliyounganishwa na umeme wa gridi huko Makumira, mkoani Arusha. Karibu na hapo hupita Mto Usa, ushukao kutoka Mlima Meru na kuingia katika Mto Kikuletwa. Kikuletwa nao humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna mitambo ya kufua umeme yenye uwezo wa megawati 8.

Umeme wa gridi ya Tanzania ni mkondo geu wa hezi 50. Yaani, hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Jenereta zote zilizounganishwa katika gridi, ziwe za Nyumba ya Mungu, Kidatu au Mtera, hulazimika kwenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Mota ya saa yetu nayo imo katika gwaride hilo. Ndani yake mna koili ya waya iliyozungukwa na meno ya chuma, na katikati mna sumaku inayozunguka. Kila mkondo ugeukapo, ncha za sumaku za meno hayo hubadilishana, na sumaku ya katikati huvutwa hatua moja mbele. Mota ya namna hii haiendi kwa kasi nyingine ila ile iliyoamriwa na umeme.

Ikiwa mota ina ncha 12, mwendo wake hupatikana hivi: 120 × 50 ÷ 12 = mizunguko 500 kwa dakika. Kwa saa moja hiyo ni mizunguko 30,000, ilhali ngoma ya vibao vya dakika yatakiwa kuzunguka mara moja tu. Kazi ya kupunguza mwendo huo hufanywa na gia ndogo ndogo, ambazo baadhi yake zimefungiwa ndani ya kikopo cha mota.

Kelele yatoka wapi?

Kuna sauti za namna mbili. Ya kwanza ni mvumo mwororo. Chuma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko wa mkondo, kwa hiyo hutetemeka mara 100 kwa sekunde. Mvumo huu ni wa asili na hauwezi kwisha kabisa. Ya pili ni mkwaruzo au mtatariko, nao ndio ugonjwa wenyewe.

Mota hii haipumziki. Kwa mwaka wa saa 8,760 huzunguka zaidi ya mara milioni 262. Joto lake huvukiza sehemu nyepesi za mafuta, na oksijeni ya hewa hugeuza yaliyobaki kuwa utomvu mzito. Vumbi likichanganyika humo, ekseli hukauka na kuanza kugongagonga katika matundu yake.

Kabla ya kufungua chochote, weka saa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kelele ikipungua sana, basi meza ndiyo iliyokuwa ikiikuza, kama tumbo la ngoma likuzavyo mlio. Kisha iinamishe saa upande mmoja. Sauti ikibadilika, ekseli au gia zimekauka.

Namna ya kutengeneza

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Wanafunzi wasifanye kazi hii bila mwalimu au fundi.

2. Fungua kifuniko na uchore mahali pa kila waya na skrubu. Usiguse vibao, wala usivipake mafuta. Vikilowa hunatana na haviangukii tena kwa wakati wake.

3. Legeza skrubu za mota na uitoe. Futa uchafu kwenye ekseli kwa kitambaa kikavu.

4. Simamisha mota ekseli ikiwa juu. Kwa ncha ya sindano, tia tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya saa, au ya cherehani, pale ekseli inapoingia katika kikopo. Iache juani kwa muda wa saa moja ili mafuta yapate wepesi wa kupenya, kisha iache hivyo hivyo hadi kesho yake.

5. Futa mafuta yaliyozidi, rudisha kila kitu mahali pake, funga kifuniko, ndipo uchomeke plagi.

Mafuta ya kula, kama vile ya alizeti, yasitumike kamwe. Hayo huungana na oksijeni upesi na kuwa gundi, na saa itakayonyamaza leo itakwama kesho. Baadhi ya mafundi hutoboa kikopo ili kupitisha mafuta. Njia hiyo ina hatari yake, kwani chembe za chuma huvutwa na sumaku na kuingia katika gia. Ikiwa meno ya gia yamelika, dawa ni mota nyingine yenye volti, hezi, mwendo na upande wa kuzunguka sawa na ile ya kwanza.

Saa ya kigeni

Saa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huhitaji volti 120 na hezi 60. Ikiunganishwa moja kwa moja na volti 230 za kwetu, koili itaungua. Transfoma hushusha volti, lakini haibadili hezi. Hivyo saa hiyo itakwenda kwa sehemu 5 tu kati ya 6 za mwendo wake, na kuchelewa dakika 10 kila saa. Japani ina maeneo ya hezi 50 na ya hezi 60, na kwa sababu hiyo baadhi ya saa za huko zina swichi ya kuchagua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulaumu mota.

Maswali ya kujaribu

(a) Saa ya hezi 60 ikitumiwa katika gridi ya hezi 50, itachelewa kwa muda gani baada ya siku moja?

(b) Mota yenye ncha 10 huzunguka mara ngapi kwa dakika katika hezi 50?

(c) Mota ya saa hutumia wati 3. Je, kwa mwaka mzima itatumia yuniti ngapi za umeme?