Fahamu: Utafiti wa korosho, nani alipe na matokeo yawe ya nani?

Wakulima wa Kiegei, wilayani Nachingwea, kama wenzao wa Ruangwa, huuza korosho kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Nyuma ya miche bora na salfa inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kuna kazi ya watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara. Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinaanzisha kampasi Lindi kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaohimiza vyuo kushirikiana na viwanda.

Nani hulipa?
Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kuendeleza zao, utafiti ukiwamo. Mwaka huo Bunge lilibadili sheria, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Fedha za umma zinapopungua, watafiti hutafuta pia wabia wa viwandani.

Mkataba wa watafiti na wabia hao useme nini?
- Aina mpya ya mbegu ni ya nani. Sheria ya 2012 hulinda haki za wagunduzi wake.
- Chuo kiwe huru kuchapisha matokeo, hata kiuatilifu cha mfadhili kikishindwa.
- Mkulima aliyetoa shamba la majaribio apewe matokeo, na alipwe fidia mikorosho yake ikiharibika.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika kirahisi, kwani mkulima hayupo mezani mkataba unaposainiwa.