Msimu wa Maua ya Mndimu Rhamu

Mndimu ni mti mfupi wenye miiba ambao, katika nyua za Rhamu, hubadilika sura ghafla baada ya mvua: matawi yaliyofubaa kwa vumbi la jilaal, yaani kiangazi kwa Kisomali, hujaa maua meupe, na harufu yake huvuka boma na kumfikia mpita njia. Mji huo uko Kaunti ya Mandera, kando ya mto Daua unaotenganisha Kenya na Ethiopia. Mvua yake ni haba, takriban milimita 250 kwa mwaka katika eneo hilo, hivyo bustani za matunda hutegemea maji ya mto ambao chanzo chake ni nyanda za juu za Ethiopia. Maembe, ndizi na mapapai hustawi kwenye kingo hizo, lakini kwa uwanja wa nyumba mndimu ndio unaofaa zaidi, kwani hautaki nafasi kubwa.

Katika nchi za baridi, ua linalosubiriwa kwa hamu baada ya majira ya theluji ni la mtufaha. Aina nyingi za mtufaha huhitaji kati ya saa 800 na 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo matumba yafunguke vizuri. Hata aina ya Anna, iliyozalishwa Israel kwa ajili ya maeneo yenye joto, hutaka baridi kiasi, na nchini Kenya makao yake ni nyanda za juu. Mtufaha uliopandwa Rhamu hauwezi kutegemewa kutoa maua.

Kwa mndimu, kazi ya baridi hufanywa na kiu. Kati ya Januari na Machi udongo hukauka, machipukizi huacha kukua, na mti hukaa kama uliolala huku matumba yakijiandaa ndani kwa ndani. Mvua ya gu, yaani masika, inapolowesha mizizi, mwezi wa Aprili, matumba hayo huamka na baada ya wiki chache maua huonekana. Mvua za dayr, yaani vuli, kuanzia Oktoba, zinaweza kuleta mkupuo wa pili. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwenye maji ya kumwagilia anaweza kuuita msimu mwenyewe: huunyima maji mti uliokomaa kwa wiki kadhaa, kisha huumwagilia hadi chini kabisa ya mizizi. Dalili ya kutazama ni majani. Yakijikunja mchana na kunyooka jioni, mti bado una nguvu. Yakishindwa kunyooka, kiu imezidi. Mti mchanga usifanyiwe hivyo hata kidogo.

Ua lenyewe ni dogo, la petali 4 au 5, na tumba lake mara nyingine huwa na wekundu hafifu wa zambarau. Uzuri wake uko zaidi puani kuliko machoni. Alfajiri na baada ya magharibi, joto likipungua na upepo ukitulia, harufu hukaa chini ya mti, na hapo ndipo pa kutandika mkeka. Nyuki hufika asubuhi, kwa hiyo dawa ya wadudu isipulizwe wakati huo. Viwavi wa kipepeo wa michungwa, ambao wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, huokotwa kwa mkono.

Maua mengi zaidi huanguka bila kuzaa, na zulia hilo jeupe lisimtie mtu hofu: mti hubakiza matunda unayoweza kuyalisha. Hasara ya kweli hutoka kwingine. Maji ya visima yenye chumvi huunguza majani, kwa hiyo maji ya mto ni bora. Mbuzi hula matawi machanga, na boma la miiba ndilo kinga ya uhakika. Matandazo ya majani makavu huhifadhi unyevu, mradi yasiguse shina.

Mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, na uliobebeshwa hutangulia. Kutoka ua hadi tunda ni miezi 5 au 6, hivyo maua ya Mei huwa ndimu za kukamulia wali na nyama kuanzia Oktoba.