Mkienda Kilwa Kisiwani, bebeni bao la babu

Zipo nyumba pwani ya Kilwa na Lindi ambako bao la zamani limeegemezwa ukutani kama picha. Mashimo yake yamelainishwa na vidole vya watu waliokwisha kutangulia, na ukingo mmoja umeguswa na mchwa. Watoto hulipita kila siku. Ukiwauliza linachezwaje, jibu ni moja: babu ndiye anajua.

Hapo ndipo penye hatari, maana ubao utadumu kuliko babu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 hubaki mkononi akiziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Zikiisha za mkononi, mchezo hubadilika kabisa. Ni lini uilinde nyumba na ni lini uivunje, mtoto hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa babu, akikosea na kuchekwa kidogo. Anayeanza msimsumbue na kunamua. Mwekeeni kete mbili kila shimo, acheze bao la kujifunza.

Kete zikiwa zimepotea, tafuteni komwe. Mkomwe huota vichakani karibu na bahari, maganda yake yana miiba, na mbegu zake ni za kijivu, ngumu kama kokoto. Wadogo wasizitie mdomoni.

Kucheza mchezo wa kale kwa vifaa vya kale, mahali pa kale, si ushamba. Musselburgh, Scotland, wageni hukodi fimbo za gofu zenye mpini wa mti wa hikori, za mtindo uliokuwapo kabla ya klabu ya St Andrews kuruhusu mipini ya chuma mwaka 1929. Huzichezea kwenye uwanja ambao habari zake za gofu zimeandikwa tangu 1672.

Kilwa ina pa kwake. Chukueni kibali Kilwa Masoko, mvuke kwa boti hadi Kisiwani. Oneni Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe nane. Ni Sultani huyo aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Ila watoto huchoka na magofu upesi, hasa jua likiwa kali. Wakianza kulalamika, tandikeni mkeka kivulini, bao likae katikati, na babu aanze kusambaza kete. Maswali ya Sultani yatakuja yenyewe.

Kitu kimoja kisiwe na mjadala: mtoto asichimbe mashimo ya bao kwenye sakafu wala ukuta wa magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kwa miaka 10, kuanzia 2004 hadi 2014, yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Babu asipoweza kupanda boti, msimlazimishe. Chezeeni barazani kwake jioni mkirudi. Simu nayo ipewe kazi: mrekodini akieleza kunamua kwa maneno yake mwenyewe.

Na kabla ya kuondoka kisiwani, pangusani mchanga, lifungeni bao kwenye kanga, mhesabu kete. Ziwe 64.