Nyonga Mpya, Kigoda cha Zamani

Mkulima wa Kaengesa aliyekwenda kubadilishiwa nyonga Dar es Salaam hurudi na magongo, mfuko wa dawa na karatasi ya maelekezo. Karatasi inamkataza kukaa chini, kuchuchumaa, kuinama na kukunja nne. Anapofika, wajukuu wanamlaki kwa vigelegele na mkwe anamsogezea kigoda karibu na moto, maana Juni ya Ufipa ina baridi kali. Wote wana nia njema, na hatari inaanzia hapo hapo.

Tumezoea kushangilia mgonjwa akitoka salama chumba cha upasuaji. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanafanya kazi kubwa, lakini nyonga huponea nyumbani, na nyumba zetu za Ufipa hazikujengwa kwa kuifikiria nyonga bandia.

Nyonga hiyo ni kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, muundo uliofanikishwa na John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Hakuna skrubu inayokifungia kichwa humo ndani. Kinachokishika ni misuli na nyama za kuzunguka kiungo, nazo daktari amezipasua ili apite. Zinahitaji wiki kadhaa kushikana tena. Ukikaa kwenye kigoda, magoti yanapanda juu ya nyonga. Ukiinama na kugeuka kidogo kuchochea kuni, kichwa kinaweza kuchomoka. Mguu unaonekana mfupi, maumivu hayaelezeki, na kuurudisha ni kazi ya hospitali.

Kigoda unaweza kukiondoa. Choo je? Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na kuchuchumaa ndiko karatasi inakokataza kuliko vyote. Hapa anayehitajika ni fundi seremala. Achonge kiti imara chenye tundu, cha kuwekwa juu ya shimo, na mhimili wa kushika pembeni. Kimo chake si cha kukisia: pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mgonjwa, ongeza sentimita 5. Kipimo hicho kitumike pia kwenye kiti cha sebuleni. Kitanda kikiwa chini, kiinulieni kwa matofali yasiyoyumba. Njia ya kwenda chooni isawazishwe kabla mvua za Novemba hazijaigeuza utelezi, na usiku iwepo taa.

Aliyebadilishiwa goti ana mashaka yake. Goti likiuma, ndugu humwekea mto chini yake ili apumzike, likazoea kujikunja na kushindwa kunyooka. Mto ukae chini ya kisigino, na mazoezi ya kukunja na kunyoosha yafanyike kila siku, hata yakiuma.

Kisha ipo safari yenyewe, zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya basi. Mguu uliopasuliwa ukining'inia bila kusogea, damu inaweza kuganda mshipani, na bonge likipanda hadi mapafuni huua. Muulize daktari ni lini unaruhusiwa kusafiri. Njiani chezesha vifundo vya miguu kila mara, na basi likisimama shuka utembee. Dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo kwa nyonga huweza kufika siku 35, zimalizwe zote. Shavu la mguu likivimba na kuuma, msilikande. Najua kukanda kwa maji ya moto ndiyo huruma yetu ya kwanza, lakini hapa wahi hospitali, na zaidi sana ukibanwa kifua au pumzi ikikatika.

Kidonda nacho hakitaki majani wala mafuta ya mtu yeyote. Kikitoa usaha, kikizidi wekundu au homa ikipanda, usinunue vidonge dukani ukangoja. Rudi kwa wapasuaji wako, kwa sababu vijidudu vikishajenga juu ya chuma ni vigumu kuving'oa, na mara nyingine kiungo kizima hutolewa.

Kinachonigusa zaidi ni jembe. Mfipa hulima kwa kuinama, akifunika nyasi kwa udongo kutengeneza intumba, vile vichuguu vilivyorutubisha mashamba yetu vizazi na vizazi. Mtu aliyeshinda miaka na maumivu, akapata mguu usiouma, msimu ukifika atalitamani shamba. Asilifuate kabla ya kibali cha daktari wake, kwa kuwa masharti hutofautiana kwa jinsi ulivyopasuliwa. Kutembea kwa magongo kila siku, akiongeza hatua kidogo kidogo, ndiyo kazi yake kwa sasa. Msimu huo ndugu wamlimie.

Kama mzazi wako amepangiwa tarehe ya upasuaji, usingoje arudi. Chukua kipimo cha goti lake wiki hii, umpelekee fundi.