i5 si i5 tu: kubadili prosesa ya kompyuta ya zamani

Mwaka jana tulinunua prosesa iliyokataa kukaa. Kompyuta tunayohariria video za kwaya, Dell OptiPlex 7010 ya msaada, ilikuwa na prosesa ya Core i3-3220 yenye viini viwili, na video moja ya dakika kumi ilitula alasiri nzima. Mafrateri tukachangishana, tukaagiza i5. Ilipofika tukafungua kasha, tukaiweka mahali pake, haikulala sawa. Tulikuwa tumenunua i5-4570.

Muuzaji hakukosea: tuliomba i5, akatupa i5. Sisi tunaosoma mantiki kila asubuhi tulipaswa kujua kwamba jina moja huweza kubeba vitu viwili.

Kwa prosesa za miaka ile, i3, i5 na i7 hueleza daraja tu. Kizazi kinaelezwa na tarakimu ya kwanza baada ya kistari. 3220 na 3470 ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. 4570 ni cha nne, cha 2013. Kizazi cha tatu hukaa kwenye soketi ya pini 1155, cha nne kwenye soketi ya pini 1150. Kwa macho zote ni mraba wa milimita 37.5 kila upande, ndiyo maana tulidanganyika, ila vipengo viwili vya pembeni vimekatwa mahali tofauti. Ukiona haiingii, usisukume. Pini ziko kwenye ubao mama, nyembamba kama nywele, na zikipinda unaweza kuupoteza ubao wenyewe.

Hata soketi ikilingana, ubao mama lazima uitambue prosesa. OptiPlex 790 ina soketi hiyohiyo ya pini 1155, lakini ilitengenezwa kwa kizazi cha pili, na cha tatu haikipokei. Basi kabla ya kutoa fedha, tafuta orodha ya mtengenezaji ya prosesa zinazokubaliwa na modeli yako, uisome namba yote hadi mwisho.

Na kabla ya hapo, je, prosesa ndiyo yenye kosa? Baada ya habari zetu kuenea, kuna waliotaka za maktaba nazo zibadilishwe. Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukatazama. Diski zilikuwa zimezidiwa, asilimia 100, huku prosesa zikipumzika. Huko dawa ilikuwa SSD. Kwenye kompyuta ya video ilikuwa kinyume: prosesa ndiyo iliyokuwa ikihema.

Kwa hiyo tukatafuta i5-3470, yenye viini vinne. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine. Legeza skrubu za kipoza joto kwa kupishana, kizungushe kidogo ndipo ukiinue. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Prosesa mpya inahesabiwa wati 77, ya zamani 55, hivyo feni iliyojaa vumbi haitaiweza. Yetu ilitoa vumbi la kujaza kiganja.

Muda wa kutoa video umepungua karibu theluthi moja. Jambo moja halikubadilika: kizazi cha tatu hakimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifungiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tumeweka Linux Mint.

Ile i5-4570 bado ipo kwenye droo ya chumba cha kompyuta. Parokia yenye mashine ya pini 1150, OptiPlex 9020 kwa mfano, ituulize.