Nyonga ya bibi na dawa inayolinda damu yake

Mbinga. Mama mzee ameteleza kwenye mteremko wa shamba la kahawa na hawezi kusimama. Kwingine, kijana mwenye selimundu amechechemea miaka kadhaa, maumivu yakizidi. Daktari anatazama picha ya eksirei na kusema nyonga imeharibika, inatakiwa kuwekwa ya bandia.

Kwa familia ya Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, maneno hayo huleta maswali mawili kwa mpigo: fedha zitatoka wapi, na nani atachangia damu?

Swali la pili ni zito. Mfupa umejaa mishipa ya damu, na kubadilisha nyonga ni kuukata mfupa. Mgonjwa anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi, nyingine ikivujia ndani ya paja saa kadhaa baada ya kidonda kushonwa. Na kama rufaa ni ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Huko ndugu wa kuchangia ni wachache.

Hapo ndipo dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo wahudumu huifupisha TXA, inapokuwa na maana kwa familia.

Wavu usikatwe mapema

Mtu akijeruhiwa, mwili hufuma nyuzi ndogo zinazonasa chembe za damu na kuziba tundu, kama wavu unavyonasa usipa ziwani Nyasa. Baadaye mwili huohuo hukata nyuzi hizo ili damu ipite kama kawaida. Katika upasuaji mkubwa, ukataji huo huanza mapema mno na damu huendelea kuvuja.

TXA huzuia wavu usikatwe kabla ya wakati. Haiongezi damu, hulinda ile iliyopo. Kwa kawaida mtaalamu wa usingizi huipitisha kwenye mshipa muda mfupi kabla daktari hajaanza kukata.

Uchambuzi wa majaribio 129 yenye wagonjwa zaidi ya 10,000 wa upasuaji wa aina mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa dawa hii ilipunguza uwezekano wa mgonjwa kuongezewa damu kwa takriban theluthi moja.

Ilianza na kina mama

Dawa hii iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliochapisha kazi yao mwaka 1962. Walitafuta tiba ya mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Utako alipokosa pa kumwacha mtoto, alimbeba mgongoni hadi maabara.

Ushahidi walioutamani ulichelewa hadi mwaka 2017, baada ya jaribio la wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo. Lilionyesha kuwa dawa hupunguza vifo vitokanavyo na damu nyingi baada ya uzazi, hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Kabla ya siku ya upasuaji

Dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza, na katika ukanda wenye malaria na minyoo hali hiyo si ngeni. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, wingi wa damu upimwe wiki kadhaa kabla, ili chanzo kitibiwe na vidonge vya madini ya chuma vipate muda wa kufanya kazi. Vidonge hivyo visimezwe na chai, kwani chai huzuia madini kufyonzwa. Mfupa ukivunjika ghafla, muda huo haupo. Ndiyo maana wachangiaji waandaliwe hata kama dawa itatumika.

Mambo ya kumwambia daktari

Usinunue TXA dukani ukampa mgonjwa. Daktari ndiye anayepima faida na hatari, na anahitaji ukweli wote kutoka kwa familia:

- Je, mgonjwa amewahi kupata kiharusi, au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu?
- Ana ugonjwa wa figo au kifafa? Figo dhaifu huhitaji dozi ndogo, na dozi kubwa inaweza kuleta degedege.
- Ana selimundu? Damu yake huganda kwa urahisi zaidi, na mpango wake wa kuongezewa damu ni tofauti.
- Anatumia aspirini, dawa nyingine ya kuyeyusha damu, au dawa za mitishamba? Zitajwe zote, bila aibu.

Kisha familia nayo iulize: damu yake ni kiasi gani leo? Dawa ya kupunguza kuvuja damu itatumika? Ziandaliwe chupa ngapi za damu?

Bibi akiwa kitandani na maumivu, huenda asikumbuke kuuliza. Mwanawe au mjukuu anayemsindikiza ayaandike maswali hayo kwenye simu kabla ya kupanda basi, na asiondoke kwa daktari bila majibu.